Wazee wanasema nitumie busara, nisimkabidhi mali yake

SWALI: Asalaam alaykum shekhe. Niko Ngamiani hapa Tanga. Marehemu kaka yangu aliacha shamba la machungwa Muheza, mirathi ikagawanywa, fungu la mwanawe nalisimamia mimi. Sahivi dogo ana miaka 19 anadai chake. Wazee wananambia tumia busara, ngoja kwanza aoe. Hiyo busara kwenye dini imekaaje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu hili neno siku hizi linabebeshwa mengi, mtu hataki kulipa deni utamsikia jamani tutumie busara, haki ya mwanamke inacheleweshwa nako busara.

Sasa soma Suratun Nisaa aya ya 6. Allah anawaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, wakiona kwao rushdi wawape mali zao. Rushdi ndo hiyo busara, na inayoulizwa hapo ni ya kijana mwenyewe wala sio ya wazee! Tena imetajwa umri wa kuoa, haikusemwa mpaka aoe, hapo wazee wamevuka.

Kwa Imam Shafi, ambae ndo tunamfata wengi huku pwani, rushdi ni mtu kutengemaa dini yake na mali yake, maimamu wengine wengi wanaangalia mali tu. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu nyingine, kaweka ukomo miaka 25, akifika anapewa hata kama hajatulia, ila kwetu ukomo huo haupo, kwa hiyo usikae unahesabu miaka, mjaribu.

Unamjaribuje? Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, wamesema mtoto wa mfanyabiashara aachwe abishane bei, wa mkulima asimamie vibarua. Basi msimu huu madalali wakija shambani mwachie dogo aongee nao we kaa pembeni (na machungwa yawe yameshaanza kuiva, kuuza maua juu ya mti kuna maneno yake, siku nyingine inshallah). Tizama kama anakubali bei ya kwanza tu au anavutana nao, kama anahesabu mzigo kabla haujapanda kwenye fuso, na hela ikiingia anamkumbuka mtu wa palizi au yote inaishia kwenye kubeti. Kanunua simu kali? Hilo peke yake halimuangushi, kubeti ndo kesi nyingine kabisa. Na usimpime mara moja ukafunga faili, rudia.

Akifaulu huna ruhusa ya kukaa nayo hata wiki kwa kisingizio cha wazee. Aya hiyohiyo imekataza walezi kuila mali kwa pupa kabla watoto hawajakua, na mlezi mwenye uwezo ajizuie, masikini ale kwa kadiri ya wema. Sikutuhumu ndugu yangu, ila andaa hesabu ya misimu yote uliyouza, manake aya imetaka na mashahidi siku ya kukabidhi, na mimi ningewaita haohao wazee waje washuhudie.

Wallahu aalam.