Maswali na majibu: Nani kakwambia umwite bosi wa Kijapani "anata"?

Maswali ya Kijapani yamejaa tena, na nusu yake ni lile lile moja, so naanza nalo.

Neno la "wewe" kwa Kijapani ni lipi, na la heshima ni lipi? (wengi sana)

Jamani. Acheni kulitafuta. Najua kitabu cha kwanza kinakupa anata, na hata serikali ya Japan ilijaribu, mwaka 1952 baraza lao la lugha lilipendekeza anata ndio iwe neno la kawaida la kumwitia mtu, watu wakaendelea na mambo yao. Leo utaikuta kwenye matangazo na fomu za dodoso, yaani pale anayeandika hamjui anayesoma, na utamsikia mke wa makamo akimwita hivyo mume wake. Mwambie mwalimu wako anata uone uso wake. Hatakufokea, Mjapani hafoki, atanyamaza tu kidogo halafu ataendelea.

Mkubwa anaitwa kwa cheo: sensei (mwalimu), bucho (mkuu wa idara), shacho (mkuu wa kampuni). Wa rika lako anaitwa kwa jina la ukoo na -san (kama "bwana" au "bibi" yetu, ila inakaa nyuma ya jina), unamuuliza "Tanaka-san atakunywa kahawa?" na huyo Tanaka kakaa mbele yako anakutazama, ni sawa kabisa. Na mara nyingi hata jina halitajwi. Hapo ndipo sisi tunapopotea, maana kwetu ukisema "umekula?" ile u- imeshamtaja mtu, wakati kitenzi cha Kijapani hakina kiambishi hicho, tabemashita ni nimekula, umekula, wamekula, yote hayo. Sasa unajuaje nani kala? Kwa adabu. Mtu akiuliza meshiagarimashita ka, hicho ni kitenzi cha kumkweza mwingine na hakuna anayejikweza mwenyewe, basi anakuuliza wewe. Akisema o-namae ni jina lako, kwa sababu jina lake mwenyewe hawezi kulivalisha ile o-. Ndio maana nakasirika nikisikia mtu anasema "nitajifunza lugha kwanza, keigo baadaye". Keigo, hiyo lugha ya heshima, ndiyo inayokwambia nani kafanya nini. Ukiiruka umeruka sarufi.

Naangalia anime tangu niko sekondari, nimezoea ore na omae. Nina intavyu kwenye kampuni ya Kijapani Nairobi, kuna shida?

Kubwa. Ore ni "mimi" ya mwanaume akiwa na washkaji zake au nyumbani, na omae ni "wewe" unayomwambia rafiki wa damu, mdogo wako, au mtu mnayetaka kuzichapa. Wahusika wa anime wanaongea vile ili mtazamaji amjue mtu kwa sekunde moja, mzee lazima ajiite washi, jeuri lazima aseme ore, lakini wazee wengi wa Tokyo hawasemi washi hata siku moja. Kwenye intavyu "mimi" yako ni watashi, ukitaka kuvaa suti zaidi ni watakushi. Kampuni yao ukiiongelea ni onsha, ukiiandika kwenye barua ya maombi ni kisha (hapana, sio kisha yetu ya "halafu"), kwa sababu ukiitamka kisha inagongana na maneno mengine kama mwandishi wa habari na garimoshi. Na anime iendelee, ni burudani nzuri, ila usiifanye shule.

Mimi ni binti, naweza kujiita boku?

Boku ni "mimi" ya wavulana na wanaume, ila wapo wasichana wanaojiita hivyo, na kwenye nyimbo ni kawaida tu. Kwa mgeni anayejifunza, watashi.

Najitambulisha "Juma-san desu", sawa?

Sio sawa. -San haujipi mwenyewe, kamwe.

Naagiza gari Yokohama, muuzaji ananiandikia "Dear Hassan-san". Hassan ni jina langu la kwanza. Ananidharau? Na mimi nimjibu vipi?

Hakudharau, hajui tu lipi ni jina lako la ukoo, kwao la ukoo linatangulia. Tena tangu Januari 2020 nyaraka za serikali yao hata kwa herufi za Kirumi zinaweka ukoo mbele, kwa hiyo sahihi ya imeili inaweza kuja vyovyote, serikali hivi, kampuni vile. Angalia kama kuna neno moja limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, SATO Kenji, hiyo SATO ndio ya ukoo. Ukiandika kwa Kiingereza, Sato-san inatosha. Ukiandika kwa Kijapani ni Sato-sama, ambayo ni -san yenye heshima zaidi, na kama barua inakwenda kwa kampuni nzima bila jina la mtu unaweka onchu baada ya jina la kampuni, sio -sama. Halafu msichanganye "Mr. Sato-san", chagueni moja. Na kwa kuwa umetaja Yokohama nakuongezea ambalo hukuuliza: maneno matamu ya heshima kwenye imeili sio dhamana ya gari, hata tapeli anajua kuandika -sama. Hakikisha kampuni ipo kabla hujatuma hela.

Nafanya kazi na Wajapani. Kila siku sekretari anamwita bosi "Tanaka-bucho" kwa unyenyekevu, ila kastoma akipiga simu anamtaja "Tanaka" tu, kavu. Wamegombana?

Swali zuri kuliko yote mwezi huu. Hawajagombana. Anasema Tanaka wa seki o hazushite orimasu, yaani Tanaka hayupo mezani kwake, na ile orimasu ni kitenzi cha kujishusha. Kwa nini amshushe bosi wake? Kwa sababu kastoma yuko nje na bosi yuko ndani, na wa ndani wote wanashuka pamoja mbele ya wa nje, hata mkurugenzi. Simu ikikatwa anageuka na bosi anarudi kuwa Tanaka-bucho na vitenzi vyote vinapanda tena. Nyumbani ni vile vile, baba unamwita otosan lakini ukimtaja kwa mtu baki ni chichi. Kwa hiyo usiniulize "neno hili lina heshima kiasi gani" kama unauliza bei ya nyanya, niambie kwanza unaongea na nani, kuhusu nani. Na ukitoka kazini usimwambie bosi gokurosama ("pole na kazi"), hiyo inashuka kutoka juu kwenda chini. Sema otsukaresama desu, nayo ni "pole na kazi".

-Kun ni ya watoto wa kiume tu?

Hapana, hiyo nayo inakaa nyuma ya jina kama -san, na bosi humwita hivyo hata kijana wa kazi, na kwenye Baraza la Wawakilishi la bunge lao spika huwaita wabunge wote kwa -kun, wazee wa miaka sabini na wanawake humo humo. Doi Takako alipokuwa spika wa kwanza mwanamke mwaka 1993 akaanza kusema -san, alipoondoka wakarudi kwenye -kun yao.

Mume wangu Mjapani tangu tupate mtoto ananiita okasan. Mimi mama yake?

Anakuita kwa macho ya mtoto, kwao aliye mdogo nyumbani ndiye anayepanga majina. Ukizaa wa pili utamsikia anamwita wa kwanza oniichan, kaka, wakati ni mwanawe. Na utakutana na bibi barabarani anainama kwa kijana wako anamuuliza "boku, una miaka mingapi?", anamwita mtoto kwa "mimi" ya mtoto mwenyewe. Kama hupendi kuitwa okasan mwambie, wanawake wengi wa Kijapani wenyewe siku hizi hawapendi.

Mchumba wangu anapenda mambo ya Japan. Kamusi inasema kisama ni herufi za "tukufu" na "bwana", nataka kumwandikia kwenye kadi ya bethdei.

Zamani kweli lilikuwa "wewe" la heshima kwenye barua. Sasa hivi ni tusi. Andika jina lake.