Mtaa wa Kustaafia Unakaguliwa Saa Nane Mchana

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Anastaafu mwakani, kiinua mgongo ameshakipigia hesabu, na mji ameshauchagua: jua mwaka mzima, maisha nafuu kuliko anakoishi sasa. Kilichobaki ni mtaa. Dalali amemwonyesha nyumba mbili. Moja iko mlimani, ukikaa sebuleni unauona mji wote. Nyingine iko chini, kwenye barabara yenye maduka na makelele. "Kaka, nisaidie," kaandika, "ila nikwambie ukweli, moyo wangu uko mlimani."

Dada yangu, moyo wa kila mtu uko mlimani. Wa shemeji yangu ulikuwa huko pia, na nitamsema sana hapa ingawa najua atasoma.

Mimi na yeye tulistaafu karibu wakati mmoja tukahamia mji mmoja, kwa sababu zilezile zako. Yeye akanunua mlimani upesi upesi, kabla hata mizigo haijafika. Mimi nikapanga nyumba ndogo mtaa wa chini, ghorofa ya kwanza, barabara ina miti mikubwa ya zamani, zahanati iko pembeni na kituo cha basi unakiona ukiwa dirishani. Alipokuja kututembelea mara ya kwanza alisimama mlangoni, akatazama huku na huku, akacheka. "Yaani umefanya kazi miaka yote ile ili uje ustaafie sokoni?" Maneno hayo aliyapeleka kwenye kundi letu la wastaafu kwenye simu, watu wakajaza vikatuni vya kucheka. Mke wangu akaniambia nisiyajali. Niliyajali. Hata leo bado yananichoma kidogo, na sioni sababu ya kuficha.

Lakini sikuuchagua mtaa ule kwa umaskini. Nilikuwa nimesoma habari za Chicago. Julai 1995 mji ule ulipigwa na joto kali, na katika siku chache walikufa watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Baadaye mwanasosholojia Eric Klinenberg akailinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na umaskini, yote ilikuwa na wazee wengi wanaoishi peke yao. Hata hivyo, ukihesabu kwa idadi ya wakazi, vifo vya North Lawndale vilikuwa kama mara kumi ya vile vya jirani yake. Joto lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa barabarani: South Lawndale ilikuwa na maduka yaliyo wazi na watu wanaopita, kwa hiyo mzee alitoka, akaingia dukani akapoa, na asipoonekana kuna mtu wa kuuliza yuko wapi. North Lawndale ilikuwa na viwanja vitupu na maduka yaliyofungwa, wazee wakaogopa kutoka, wakajifungia ndani na joto lao.

Nilipomweleza shemeji, akanijibu kwamba Chicago ni mji wa barafu, watu wa kule hawajui jua. Sawa. Lakini mwili wa mzee ni mwili wa mzee popote pale. Ukishavuka miaka 60 na kitu, jasho linapungua, kiu inachelewa kukwambia kwamba maji yamekwisha mwilini, na wengi wetu tunameza dawa za presha zinazotukojoza. Jua hilohilo linalotuvuta kuhamia ndilo litakalotufungia ndani tukipata nyumba mbaya. Ufaransa mwaka 2003 joto liliua watu wapatao 15,000, wengi wao wa miaka 75 na zaidi, na waliolala vyumba vya juu kabisa, chini ya paa, walikuwa hatarini kuliko wenzao. Kwa hiyo ghorofa ya mwisho achana nayo, hata kama upepo wake ni mtamu siku dalali anapokupeleka. Maana madalali wanatupeleka asubuhi. Wewe rudi mwenyewe saa nane mchana, bila yeye, kwa miguu.

Ukifika, weka kiganja ukutani, hasa ukuta wa magharibi. Jua la alasiri linakuja likiwa limeinama, linapita chini ya kingo za paa na kuingia ndani moja kwa moja, na ukuta unalihifadhi joto hilo ili ukurudishie usiku unapotaka kulala. Sebule ya shemeji inatazama magharibi. Machweo, alikuwa akituambia, njooni mwone machweo! Siku hizi kuanzia saa tisa mapazia yake mazito yamefungwa mpaka giza linaingia. Mandhari aliyoyalipia anayaona asubuhi tu, akiwahi kuamka.

Na hilo la mapazia ni dogo. Barabara ya kwao inapanda, basi halifiki, na mwaka jana macho yake yakaanza mtoto wa jicho. Yule aliyekuwa akitufuata kwa gari kutuonea huruma sasa anasubiri mwanawe apate nafasi ndipo aende kununua dawa. Simcheki, nasema kweli. Lakini nilimwambia! Nilimwambia tukiwa bado tunafunga virago kwamba gari nalo linastaafu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwaangalia madereva wa miaka 70 hadi 74 ukakadiria kwamba baada ya kuacha kuendesha, wanaume wangeishi takriban miaka 6 zaidi, na wanawake takriban 10. Dada yangu, wewe ni mwanamke. Hiyo ni miaka 10 ya kutegemea miguu, basi au hisani ya mtu.

Kwa hiyo mtaa uutembee. Toka mlangoni hadi duka la dawa, ukifikiria miguu utakayokuwa nayo baadaye, hii ya leo inakudanganya. Hesabu ngazi. Tazama kama kuna pa kukaa njiani, kama kuna kivuli, kama kuna choo. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2007 kuhusu miji inayowafaa wazee, limeviandika viti vya kupumzikia na vyoo vya umma, vitu ambavyo ukimtajia dalali anakushangaa. Rudi tena usiku uone ni nani waliopo barabarani na kama taa zinawaka. Halafu upange kwanza. Usinunue mpaka umepita msimu wa joto na msimu wa mvua ukiwa mpangaji, kwa sababu mji wa jua nao hunyeshewa, na maji huteremkia mitaa ya chini kama wa kwangu. Mimi niliziangalia alama za maji kwenye kuta za majirani kabla ya kulipa kodi.

Makelele yapo, sitakudanganya. Sisi tunalala chumba cha nyuma.

Wastaafu tuna ugonjwa mmoja: tunanunua nyumba ya kuwaonyesha wageni. Tunataka wale tuliofanya nao kazi waje waseme, kumbe huyu alijipanga. Wanakuja mara moja, wanapiga picha, wanaondoka. Anayebaki ni wewe na ngazi zako. Tuache kujionyesha, ndugu zangu, umri wa kushindana umepita. Mimi nikichelewa kushuka asubuhi, muuza magazeti humwuliza mke wangu kama naumwa.

Umeuliza pia kuhusu bustani. Mti mkubwa ambao tayari umesimama upande wa magharibi wa nyumba una thamani kuliko kiwanja kipana ambacho hakijapandwa kitu, kwa sababu mche utakaoupanda leo utachukua miaka mingi kukupa kivuli. Na huyo dalali anayekuharakisha, anayesema kuna mteja mwingine anaingojea nyumba ya mlimani kwa hamu, mwambie ampe tu.