Laivu na Nyutro Zikibadilishana: Kwa Wewe Unayeanza Ufundi wa Stima

Nikiwa bado mwanagenzi hapa Lamu, nilifunga soketi nne katika nyumba moja ya Langoni. Tulipowasha, kila kitu kilikubali. Feni ilizunguka, friji ikanguruma, simu zikaingia chaji. Mwenye nyumba akatupa chai, tukaaga. Haikupita wiki akanipigia: "Mwanangu, taa ya mezani imenirusha, nami nilikuwa nimeshaizima."

Nilikwenda mbio. Mama yule alikuwa amezima swichi ya soketini, kisha akaanza kuifungua balbu, ile ya kuzungusha kwa nyuzi. Kidole kikagusa chuma cha kishikio. Alikuwa pekupeku, na sakafu ya saruji ilikuwa imetoka kupigwa deki. Alipona, alhamdulillahi, lakini mkono ulimfa ganzi mpaka jioni. Nilikaa naye barazani nikashindwa kumtazama usoni.

Kosa lilikuwa langu. Tunafundishwa soketi kwa kuitazama mbele: athi (waya wa ardhini) juu, laivu (waya wenye moto) kulia, nyutro (waya wa kurudishia stima) kushoto. Lakini wakati wa kufunga unaishika kwa mgongo, na ukiigeuza, laivu inahamia mkono wako wa kushoto. Mimi nilifunga kwa kukumbuka ile picha ya mbele. Herufi L na N zilikuwa zimechongwa pale pale kando ya skrubu, wala sikuzisoma.

Sasa kwa nini vitu vilifanya kazi? Stima ya nyumbani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Feni haijali laivu imeingilia upande gani, wala friji, wala balbu. Ndiyo maana kosa hili hukaa kimya miaka. Anayejali ni swichi. Swichi ya kawaida ya soketi hukata waya mmoja tu, na waya huo unatakiwa uwe laivu. Ukipindua, swichi inakata nyutro: taa inazimika, lakini volti 240 bado zimekaa ndani ya taa zikingoja mtu. Kwenye balbu ya nyuzi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kikombe cha chuma ambacho kingepaswa kuwa nyutro ndicho kinachobeba moto. Fyuzi ya plagi nayo imewekwa upande wa laivu. Ikiungua katika soketi iliyopinduliwa, chombo kitakufa machoni huku bado kina moto. Na usitegemee ile swichi ya usalama inayokata stima ikivuja. Inaweza kumwokoa mtu akiguswa, lakini haitakwambia kwamba umepindua nyaya.

Kwa hiyo usiniambie "inawaka". Niambie mita imesema nini. Kulia na kushoto, iwe karibu 240. Kulia na juu, karibu 240 tena. Kushoto na juu, iwe sifuri au volti chache tu. Ukiona 240 kati ya kushoto na juu, na kulia na juu hakuna kitu, umepindua. Testa ya bisibisi inasaidia kwa haraka, ila isikuridhishe: nyutro ikiwa imekatika mahali na kuna chombo kimechomekwa na kuwashwa, testa itawaka matundu yote mawili, nawe utabaki kubahatisha.

Katika nyumba zetu za mawe kuna mtego mwingine. Nyaya za zamani ni nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Mpya ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Fundi aliyeongeza chumba juu ameziunganisha ndani ya kisanduku kimoja, na kwenye fezi tatu za zamani, yaani stima ya laivu tatu, buluu ilikuwa fezi, yaani laivu kamili. Rangi ikupe fununu tu. Pima.

Kwenye mota, wanaoanza huchanganya mambo mengi kwa pamoja. Feni au pampu ya fezi moja haigeuki njia kwa kubadilisha laivu na nyutro. Ili igeuke lazima ubadilishe ncha za koili ya kuwashia peke yake, ile ya kukimbilia uiache. Drili ya mkono yenye brashi ni vivyo hivyo: ukipindua nyaya za kuingilia, sumaku ya nje na ya ndani zinageuka pamoja, mzunguko unabaki ule ule.

Fezi tatu ndizo hugeuka. Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja nje ya Malindi, kebo ya pampu ilikuwa imebadilishwa na maji yakawa yanatoka kwa unyonge. Walikuwa wanataka kununua pampu mpya. Kumbe ilikuwa inazunguka kinyume. Pampu ya aina ile hutoa maji kidogo hata ikienda kinyume, na hapo ndipo watu hudanganyika. Tulizima meni, yaani swichi kuu, tukapima kuhakikisha hakuna moto, tukabadilisha nyaya mbili kati ya tatu. Mbili tu, maana ukizisogeza zote tatu kwa duara unarudi ulikotoka. Kabla ya kuifunga mota yoyote ya hivi kwenye mzigo, iguse swichi mara moja, shafti izunguke kidogo, ulinganishe na mshale uliochorwa kwenye ganda.

Betri ni habari nyingine kabisa, na kwetu visiwani utaikuta kila siku, kwenye sola na kwenye boti. Mota ndogo ya volti 12 yenye sumaku za kudumu hugeuka mara tu ukipindua chanya na hasi. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, ikifungwa hivyo utaisikia inalia, lakini maji hayaendi vizuri. Hiyo utaisahihisha kwa dakika mbili. Lakini ukipindua betri yenyewe kwenye injini, dayodi za altaneta, ile jenereta ndogo ya injini inayochaji betri, huungua papo hapo, na kidhibiti cha sola kisicho na kinga nacho kinaweza kuungua.

Chumvi ya hapa huila rangi ya nyaya za botini mpaka nyekundu na nyeusi zinafanana. Mimi hubeba utepe mwekundu mfukoni, na kabla sijalegeza nati ya kwanza ya betri, nauzungushia ule waya niliopima kuwa chanya.