Besi ya zamani ikikosa ufunguo, anza na mbao

Ukiletewa gitaa la besi la miaka ya sitini lenye ufunguo mmoja uliokatika (kile kifaa cha kichwani cha kukazia na kulegezea uzi), usianze na simu kutafuta wa kununua. Laza gitaa kifudifudi juu ya taulo, fungua skrubu za ule ufunguo mbovu, toa bamba lake, halafu washa taa na uangalie mbao iliyokuwa chini yake. Mimi nilikaa miaka mingi kwenye kazi hii kabla sijaizoea hatua hiyo, na kila nilipoiruka nililipa mwenyewe.

Bamba lililokaa mahali pamoja miaka hamsini huacha kivuli. Ndani ya kivuli vanishi inabaki nyeupe, nje imegeuka rangi ya chai. Ukiona vivuli viwili vimepandana, au matundu ya skrubu yamezidi manne kwa bamba moja, ujue kuna fundi aliyekutangulia, na hizo funguo unazoziona sizo zilizotoka nalo kiwandani. Kwa hiyo usinunue ufunguo wa kufanana na ule uliobaki. Nunua wa kufanana na kivuli cha kwanza.

Hapo ndipo unahitaji kujua mwaka. Nitazungumzia Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, kwa sababu ndiye aliyeanzisha umbo ambalo wengi wameliiga. Modeli yake ya Precision Bass ilianza kuuzwa mwaka 1951, Jazz Bass mwaka 1960, zote zikitengenezwa California. Funguo za mwanzo zilitoka Kluson, kiwanda cha Chicago: gia ziko wazi, chuma kimepakwa nikeli, sikio, yaani kishikio cha kuzungushia, lina umbo la majani matatu. CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, ilinunua kampuni ya Fender mwaka 1965, na kwenye 1966 hivi masikio yakawa ya duara refu, bapa, kama pipi ya kijiti. Miaka ya sabini sikio la majani matatu likarudi, ila sasa ni la kromu na bamba limechapwa jina la Fender. Nikeli ikizeeka hupata ukungu wa manjano. Kromu hubaki na weupe wa kibuluu. Ukiziweka pamoja mchana, huhitaji kuambiwa ipi ni ipi.

Mwaka wenyewe utausoma ukifungua shingo. Kwenye kitako chake, tangu 1962, kuna mhuri kama huu: 7 MAY 64 A. Vijana wengi husoma tarehe saba Mei. Sivyo. Hiyo 7 ni namba ya modeli, Jazz Bass (Precision ni 5), na A ni upana wa shingo kule juu kwenye daraja dogo la nyuzi. Mwezi na mwaka tu ndivyo vya kalenda. Ukifungua na sehemu ya volyumu utakuta namba nyingine, kwa mfano 137 66 12: mtengenezaji ni CTS, mwaka 1966, wiki ya kumi na mbili. Hiyo inakuambia gitaa halikuunganishwa kabla ya hapo. Haikuambii liliunganishwa lini, maana volyumu za 1966 zilikaa stoo na kutumika kwa miaka kadhaa.

Sasa niwaambie kilichonifundisha zaidi ya yote hayo. Mzee mmoja, mpiga besi wa dansi, aliniletea Jazz Bass ya kabla ya 1966. Ufunguo wa uzi wa A ulikuwa umekufa. Nikapata mwingine, tundu likakubali, skrubu zikaingia, hata rangi ikaelekeana. Nikafurahi. Siku ya tatu akarudi, akakaa kwenye benchi, akaanza kutyuni mbele yangu bila kuangalia, kama afanyavyo jukwaani. Uzi wa E ukapanda. Alipofika kwenye A, mkono ukaenda upande uleule, na uzi ukashuka. Akaniangalia kwa upole: "Mwanangu, mkono huu umekwenda huku miaka arobaini." Zile Kluson za zamani za besi huzunguka kinyume na funguo nyingi za leo, na mimi nilikuwa nimempa wa leo. Kutafuta wa kinyume kulinichukua miezi mitatu. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hilo: unazunguka upande gani? Kama hajui, mwombe akupigie video fupi akiuzungusha.

Pili, vipimo. Shika venia (kipimo cha taya mbili), achana na rula. Tundu la kichwa la Fender ya zamani ni milimita 17.5 hivi, yaani 11/16 ya inchi. Funguo nyingi ndogo za kisasa hutaka kama 14. Pima tundu, unene wa shafti (nguzo inayozungushiwa uzi), na umbali wa kati kwa kati wa matundu yote manne ya skrubu. Tofauti ya nusu milimita inatosha kukukatalia. Ikifika hapo usichukue drili. Ufunguo usioingia urudishwe, mbao iachwe. Na kama aliyekutangulia alishapanua tundu, zipo bushi, yaani pete za kupunguzia tundu, tumia hizo.

Kwa kweli, nusu ya funguo ninazoletewa hazihitaji kubadilishwa. Skrubu ya katikati ya gia imelegea, au uchafu umeganda. Loweka kwenye mafuta ya taa, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, paka grisi kidogo sana. Kama shafti ya sikio imepinda tu, inyooshe polepole ukiwa umeikamata kwenye jiliwa yenye vipande vya ngozi. Seti halisi ya Kluson ni mamia ya dola, kwa hiyo saa moja ya kusugua inalipa.

Ulichokitoa, hata kama kimekatika, kitie kwenye mfuko, andika ni cha uzi gani, umkabidhi mwenyewe. Na mwambie wazi umeweka kipya.

Unapofunga, pitisha skrubu kwenye nta ya mshumaa kwanza. Mepo, mbao ya shingo, ikizeeka ni ngumu, na skrubu ikikatikia ndani utakesha. Tundu lililolegea lijaze kijiti cha mbao ngumu na gundi, subiri hadi kesho. Uzi nao: shafti hizi zina tundu katikati, ncha huzamishwa humo. Pinda uzi kwanza, ndipo ukate kama sentimita 12 mbele ya shafti. Ukikata kabla ya kupinda, msokoto wa nje unaweza kufumuka hadi kwenye daraja, na uzi mpya umekwisha.