Ukitoa matumbo ya samaki, sumu inatoka?
Ndugu, umeuliza kama kutoa matumbo ya sangara kunaondoa sumu yote. Plastiki, kwa sehemu kubwa ndiyo, maana vipande vingi hukaa tumboni. Utafiti uliochapishwa 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, 20 kwa kila aina, na plastiki ikathibitishwa kwa mmoja kati ya watano. Dagaa sasa, huyo tunamla mzima na utumbo wake (sisemi muache, mimi mwenyewe siachi).

Zebaki ni habari nyingine. Wachimbaji wadogo kule Geita huitumia kukamata dhahabu. Nyingine hupaa ikichomwa, nyingine husombwa na mvua hadi mitoni na ziwani. Kwenye tope bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali zaidi, na hiyo huingia kwenye nyama yenyewe. Kisu hakiitoi, wala moto. Furu, samaki mdogo wa ziwani, anakula vidudu, sangara anamla furu, na kila hatua sumu inajilimbikiza, ndiyo maana sangara mzee mwenye kilo nyingi hubeba zaidi. Furukombe, yule ndege mla samaki, na fisi-maji nao wanategemea samaki hao hao. Zebaki ikizidi, ndege huharibika neva na vifaranga hupungua.

Kama nyumbani kuna mjamzito, mpikie sato kuliko lile lisangara likubwa.