Weka kalamu chini: kwa vijana wanaoanza kukusanya kadi za zamani za beisiboli

Jumamosi iliyopita, katika maonyesho ya kadi hapa Pittsburgh, nilimwona kijana mmoja wa kwetu akiitoa kadi ya mchezaji ya kampuni ya Topps ya 1971 kwenye slivu, yaani kimfuko chembamba cha plastiki, akaigeuza mwangani, akaona weupe mdogo kwenye kona, kisha akachomoa kalamu ya wino mweusi mfukoni. Nilimshika mkono kabla hajafungua kifuniko, na waliokuwa meza ya jirani walidhani tunagombana. Nilikuwa namzuia asirudie kosa nililolifanya mwenyewe miaka 12 iliyopita, ambalo kila mwaka namkuta mtu mwingine akilifanya. Kwa kuwa nimechoka kulieleza kwa mdomo, kwa mmoja baada ya mwingine, ninaliandika hapa pamoja na mengine machache.

1. Itazame kadi kabla ya kulitazama jina. Mgeni akishaona jina la mchezaji nyota kama Mickey Mantle au Hank Aaron husahau kila alichoelezwa, akalipa bei ya gredi 7 kwa kadi ya gredi 4 (gredi ni alama ya hali ya kadi, kuanzia 1 hadi 10). Anza na kona nne, kisha kingo, kisha uso, kisha ulinganishe pambizo la kushoto na la kulia, la juu na la chini. Igeuze pia, kwa sababu kadi hizi zilifungwa katika karatasi ya nta pamoja na kipande cha ubani wa kutafuna, na iliyokaa jirani na ubani ilibaki na doa upande wa nyuma. Sisi tuliokulia Tanzania tukiita kila ubani wa kutafuna bazoka, hatukujua kwamba Bazooka yenyewe ilitoka kwa kampuni hiyo hiyo ya Topps. Nilipoligundua hilo niliwapigia simu ndugu zangu watatu usiku ule ule.

2. Pima. Kadi za Topps za 1952 hadi 1956 ni kubwa kuliko zilizofuata. Kuanzia 1957 kipimo ni inchi 2.5 kwa 3.5. Hata kiwandani kadi hazikukatwa sawasawa, kwa hiyo upungufu wa unywele peke yake si ushahidi wa hila, lakini ukingo mmoja ulio mkali na mweupe kuliko wenzake umekatwa juzi. Mwaka 2013, Bill Mastro, aliyekuwa mtu mkubwa katika minada ya kadi, alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Chicago kwamba aliikata kingo kadi ya mchezaji Honus Wagner ya T206, toleo la kadi za sigara la mwanzoni mwa karne ya 20, kadi iliyokuwa maarufu kuliko zote duniani. Ikiwa hila iliifikia kadi ile, basi nawe pima hata ile unayouziwa na rafiki yako.

3. Usiongeze kitu juu ya kadi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mnajua kwamba toleo la 1971 lina kadi 752 na kwamba uso wake una mapambizo meusi. Weusi huo ni wino uliolala juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo kadi inapogusana na nyingine, au ikisuguliwa tu na kitambaa cha mfuko wa mtoto, wino hubanduka na weupe hujitokeza kwenye kingo. Ndiyo sababu kadi ya gredi 8 ya mwaka ule hutafutwa kwa jasho, wakati ya 1970, yenye mapambizo ya kijivu, huficha majeraha yake kwa urahisi zaidi.

Niliyoitaka mimi ilikuwa namba 630, Roberto Clemente. Ule ulikuwa mwaka wake: tarehe 1 Septemba 1971 timu yake, Pittsburgh Pirates, iliingiza uwanjani wachezaji tisa ambao wote walikuwa weusi na Walatino, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika ligi kuu, na mwezi uliofuata wakawashinda Baltimore Orioles katika fainali, naye Clemente akatangazwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa kiwanda cha chuma, alikuwa nayo. Aliinunulia mwanawe, lakini mtoto hakuijali, basi mzee akaiweka kati ya kurasa za kitabu na kuiacha humo zaidi ya miaka 40. Aliniuzia kwa bei ya jirani kwa jirani, akaniomba jambo moja tu, kwamba niitunze kama ilivyo.

Nikampa neno langu.

Mkusanyaji mwenye uzoefu aliitazama kwa lenzi akaniambia ni 7, na kama bahati ikiwapo, 8. Neno hilo "kama" lilininyima usingizi. Kwenye kona ya chini kushoto palikuwa na weupe usiofika nusu ya punje ya mchele, nami usiku mmoja nikachukua kalamu na kuugusa. Ulitoweka. Lakini sasa kona ile ikawa nyeusi kuliko ukingo uliokuwa jirani yake, kwa kuwa wino wa kiwandani ulikuwa umefifia kwa miaka yote ile, nikalazimika kuugusa ukingo ili ulingane na kona, kisha kona ya pili ili ilingane na ukingo. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba marekebisho huzaana namna hiyo. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nane za usiku na nilikuwa nimezunguka pande tatu za kadi.

Niliipeleka kwa kampuni inayopima kadi na kuzipa gredi. Ilirudi ndani ya slabu, kasha gumu la plastiki lililofungwa kabisa, isiyo na namba ya gredi, yenye lebo inayosema kwamba ni kadi halisi iliyobadilishwa. Nikanunua taa ya urujuanimno, ambayo nilipaswa kuwa nayo tangu mwanzo, nikaizima taa ya chumba na kuielekeza kwenye kadi: wino wangu ulijitenga na wino wa 1971 kama kiraka kwenye kanzu. Haukutoka tena, kwa sababu ulikuwa umeshanywewa na karatasi.

Wiki chache baadaye mzee aliniuliza kuhusu kadi yake. Sikuweza kumdanganya, nikampelekea. Aliishika kwa muda mrefu, akasoma lebo, akanirudishia. Kisha akaanza kunisimulia usiku wa tarehe 31 Desemba 1972, jinsi Clemente alivyopanda ndege iliyobeba misaada kwa walioathirika na tetemeko la ardhi Nicaragua, na ndege ikaanguka baharini. Kuhusu kadi hakusema neno hata moja, siku ile wala baada ya siku ile, hadi alipofariki.

4. Slivu laini kwanza, kisha toploda, yaani kasha gumu la plastiki lililo wazi juu. Usifunge kadi kwa mpira, usitumie albamu za plastiki ya PVC, na usihifadhi chochote katika chumba cha chini ya ardhi chenye unyevunyevu.

5. Nunua uchakavu wa kweli unaoumudu. Kadi ya gredi 5 ambayo hakuna aliyeichezea ina wanunuzi leo na kesho, na ukiitazama unaona mikono ya watoto iliyoipitia. Hilo ndilo nililomweleza kijana wa Jumamosi tulipokaa pembeni. Kadi yake ilikuwa Thurman Munson, namba 5, na kwa macho yangu ni gredi 6 iliyo safi: kona mbili nyeupe kidogo, mapambizo karibu sawa, nyuma hakuna doa. Alisikitika, kwani alikuwa ameshaihesabia bei ya 8. Tuliipitisha chini ya taa yangu, polepole, kingo zote nne, na wino wote ulikuwa wa rangi moja. Akaitazama tena, akairudisha kwenye slivu. Ana nyingine 11 za mwaka huo nyumbani, na nimemwambia azilete Jumamosi ijayo, anawe mikono kwanza, na kalamu aiache kwao.