Maswali na majibu: pampu ya sola ya maji ya ndege inakata kila wingu likipita

SWALI: Fundi mwanangu habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Dodoma huku Ilazo. Nina kabustani kadogo, na kuanzia mwezi wa sita ndege wanajazana kwenye koki yangu inayovuja kwa sababu maji hamna popote. Kijana wangu akaniletea ile pampu ya sola ya duara inayoelea, nikaiweka kwenye beseni la kufulia. Mwanzoni ilirusha maji vizuri sana, ila ikifika saa saba beseni limebaki nusu, wingu likipita inazima, na siku hizi inagugumia tu. Ndege wenyewe wanaishia kwenye ua wa michongoma wanaangalia. Nimefikiria ninunue paneli kubwa na betri ya pikipiki ili ipate nguvu, je ni sawa? Na jirani anasema nitafuga mbu.

JIBU: Mwalimu shikamoo. Kwanza hongera sana, manake Dodoma mvua ikishakata mwezi wa nne mpaka irudi Desemba hapo katikati ndege anaishi kwa kubahatisha, na mtu anayemwekea maji safi ya kina kifupi anamsaidia kuliko hata anayemmwagia mtama.

Betri usinunue. Paneli tutaongeza kidogo lakini sio kwa sababu unayofikiria. Kile kidude cha kuelea kimetengenezwa kumfurahisha mtu anayeangalia, ndo maana kinarusha maji juu, na maji yakirushwa juu na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane nusu yanaishia kwenye vumbi, hapo ndo beseni lako linapokaukia. Ndege hana shida na maji ya kurushwa, anataka maji ya kina cha vidole viwili, sehemu ya kusimama isiyoteleza, na mchirizi mdogo unaodondoka ambao anausikia na kuona unang'aa akiwa juu ya mti. Ukishaanza na hitaji la ndege, mtambo wenyewe unakuwa mdogo sana na hausumbui.

Sasa kwa nini inazima. Vile vidude vingi paneli yake ni wati moja na nusu hivi na pampu yake inakula hiyohiyo wati moja na nusu, yaani hakuna akiba hata kidogo, na ile wati iliyoandikwa kwenye paneli inapimwa kwa jua kamili na paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, hali ambayo juani kwako haipo kabisa kwa sababu paneli inapanda mpaka nyuzi 55 au 60 na kila nyuzi moja ikizidi unapoteza karibu asilimia 0.4. Kwa hiyo hata bila wingu tayari imepungua, kikipita kiwingu volti zinaanguka na pampu inasimama. Halafu paneli yenyewe imelala juu ya maji inarushiwa matone siku nzima, na maji ya Dodoma unayajua yana chumvi, tone likikauka linaacha doa jeupe, doa juu ya doa mpaka kioo kinakuwa na ukungu.

Huko kugugumia ni chumvi hiyohiyo imeingia ndani. Chomoa pampu, geuza upande wa chini, utaona kifuniko cha plastiki kinachofunguka kwa kucha, ndani yake kuna kipangaboi kidogo chenye sumaku, kivute taratibu kinatoka chote. Najua utakachokuta, kuta zimeshika ukoko mweupe mgumu na kwenye kijiti cha katikati kuna punje za mchanga na kipande cha jani. Loweka kipangaboi na lile shimo kwenye siki au maji ya ndimu kwa saa kadhaa, sugua na mswaki wa zamani, suuza, rudisha. Nyingi zinafufuka. Usikwangue na kisu, ukiichubua sumaku maji yataanza kuila.

Mtambo ninaokushauri ni huu. Chini unaweka ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ndoo ya mafuta ya kula sio ya rangi, uifukie nusu ardhini ili maji yasichemke. Juu yake pembeni kidogo, kwenye matofali, kwa kimo cha nusu mita hivi, unaweka sinia la ndege. Pampu inakaa kwenye ndoo, inapandisha maji kwa hosi nyembamba mpaka kwenye sinia, sinia likijaa maji yanamwagika kwenye pengo moja uliloliacha ukingoni na kurudi kwenye ndoo kupitia mfuniko uliotobolewa. Maji yaleyale yanazunguka siku nzima, unachopoteza ni yanayofyonzwa na jua na yale ndege anayorusha akioga, hesabu lita moja mpaka mbili kwa siku ukiwa na sinia la upana wa nusu mita.

Sinia lenyewe litengeneze kwa zege, ni rahisi na ni zuri kuliko la kununua. Rundika mchanga mbichi uwe kichuguu kipana cha nusu mita, kiwe bapa sana, katikati kisizidi sentimita nne au tano kwenda juu, tandaza nailoni, halafu kandika sementi moja kwa mchanga tatu unene wa sentimita nne. Liweke kivulini ulimwagie maji kila siku kwa wiki nzima lisipasuke. Ukiligeuza unapata sinia lenye mteremko wa taratibu, pembeni kina hamna kabisa, katikati vidole viwili. Usililainishe kwa sementi ya kung'arisha, ndege anataka pakwaruze. Na kabla hujawapa ndege lijaze maji ulimwage, lijaze tena ulimwage, rudia siku kadhaa, manake sementi mpya inatoa chokaa inayofanya maji kuwa makali.

Hicho kina nakisisitiza kwa sababu beseni la kufulia ndo linalowafukuza ndege wako. Shomoro akisimama ukingoni maji anayaona yako mbali chini na kuta ni plastiki ya kuteleza, hawezi kuingia na akiingia hawezi kutoka. Angalia wanavyokunywa pale kwenye koki yako, shomoro na mnana wanachota tone kisha wanainua kichwa limeze, ila tetere anatumbukiza mdomo na kunyonya moja kwa moja bila kuinua kichwa, kwa hiyo tetere anahitaji kina kidogo na shomoro anatosheka na unyevu wa ukingoni, sinia la mteremko linawatosha wote. Chozi yeye huwa anapenda kuoga kwenye majani yaliyolowa, ukipitisha tawi la ua karibu na pale maji yanapodondoka utamuona anajisugua hapo.

Tuje kwenye umeme. Tafuta pampu ya volti 12 isiyo na brashi (vile vikaboni vinavyosugua ndani ya mota), wati tatu mpaka tano, zimeandikwa lita 200 au 240 kwa saa. Hiyo namba ni pampu ikiwa haipandishi kitu, na ile "mita 3" iliyoandikwa pembeni ni kimo ambacho maji yanaishia bila kutoka hata tone, kwa hiyo kwa kupandisha kama mita moja kutoka chini ya ndoo utapata pungufu kiasi, na bado ni mengi kuliko unavyohitaji. Lita moja kwa dakika inakutosha kabisa. Zile pampu za bei chee zenye brashi ziache, kaboni inaisha na haibadilishiki.

Paneli chukua wati 10. Pampu ya wati tatu kwenye paneli ya wati 10 maana yake hata jua likiwa na nguvu ya asilimia 40 tu, tuseme saa mbili na nusu asubuhi au kukiwa na wingu jepesi, pampu bado inapata chake. Hiyo ndo sababu ya kuongeza paneli, sio kurusha maji juu zaidi. Ila angalia hapa, paneli inayoitwa ya volti 12 ikiwa haijabebeshwa mzigo inatoa volti 21 au 22, na ikibebeshwa pampu ndogo inabaki kwenye 18 na kuendelea, pampu yako ya volti 12 haitadumu. Kwa hiyo katikati weka kile kibodi cha kushusha volti, nenda kwa mafundi redio waambie LM2596 wanakijua, kinapokea mpaka volti 40. Unganisha paneli kwanza bila pampu, shika mita ya kupimia umeme, zungusha kile kiskrubu mpaka usome volti 9, ndo uunge pampu. Kwa nini 9 na sio 12, kwa sababu pampu nyingi za aina hii zinazunguka vizuri tu kwa 9, mchirizi unakuwa wa taratibu na mota haichoki. Ukiona maji hayafiki ongeza kidogo. Nyekundu na nyeusi usizibadilishe, zisizo na brashi ukigeuza waya hazizunguki na nyingine zinaungua.

Madukani kuna paneli zimebandikwa stika ya wati 20 wakati ni ya tano. Ya kweli ya wati 10 ni kubwa kuzidi kidogo karatasi ya A4, ukipewa ya ukubwa wa daftari ukaambiwa ni 20 rudisha. Kipimo cha uhakika ni kuitoa juani saa sita, kuweka mita kwenye ampia, na kugusisha nyaya za mita moja kwa moja kwenye paneli: ya wati 10 inasoma karibu nusu ampia au zaidi kidogo, ikisoma 0.25 hiyo ni wati tano. Haidhuru paneli, ila usifanye hivyo kwenye betri hata siku moja.

Paneli ifunge pembeni kwenye kinguzo, iangalie kaskazini, inyanyuke nyuzi 15 mpaka 20, kwa sababu Dodoma tupo kusini ya ikweta na sehemu kubwa ya kiangazi jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Waya wa milimita 0.75 unatosha kwa mita tano. Maungio yote chomea lehemu na uvalishe mpira wa kubana kwa moto, hakuna kuviringisha na tepu kwenye kitu kinacholala nje. Kibodi kiweke kwenye kikopo chenye mfuniko nyuma ya paneli, kivulini.

Betri nimekukataza kwa sababu ndege analala saa kumi na mbili na nusu, usiku utakuwa unawapigia maji vyura na paka wa jirani. Ukiweka betri lazima uweke chaji kontrola, yaani kidude cha kusimamia uchajishaji wa betri, lazima fyuzi karibu kabisa na betri kwa sababu betri ya pikipiki ikipiga shoti inayeyusha waya, na hiyo betri haikutengenezwa kumalizwa kila siku, itakufa mapema. Paneli peke yake ya wati 10 hata ikipiga shoti inatoa hiyohiyo nusu ampia, haiwashi moto.

Mbu sasa, na jirani yako hakukosea. Sola bila betri inasimama jioni, na jioni ndo mbu wa malaria na wale wa mitaroni wanatafuta pa kutagia. Dawa yake ipo kwenye hosi. Ncha ya hosi izamishe mpaka chini kabisa ya sinia, usiiache ikining'inia juu. Jua likizama pampu ikasimama, maji ya sinia yenyewe yatajivuta kurudi kwenye ndoo kupitia hosi hiyohiyo na ndani ya pampu, sinia linabaki na unyevu tu usiku kucha na mbu hana pa kutagia. Sauti ya maji hutaikosa kwa sababu inatoka pale kwenye pengo yanapodondoka kurudi chini. Hakikisha tu ndoo haijajazwa mpaka juu, acha nafasi ya lita sita, la sivyo kila usiku itafurika. Ubaya wake ni kwamba alfajiri ndege watakuta pakavu mpaka jua lipate nguvu, we ukiamka mwaga jagi moja hapo, pampu ikianza inaendeleza.

Mfuniko wa ndoo uvalishe wavu wa dirisha. Usitumie kipande cha chandarua chenye dawa, ile dawa haifai kukaa kwenye maji ya kunywa ndege. Na yupo mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni, Dar walimpata vizuri 2014 na 2019, huyu anatembea mchana na mayai yake anayagandisha kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi halafu yakaanguliwa yakilowa. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mwaga maji yote kwenye mpapai, sugua sinia na ukingo wa ndani wa ndoo kwa brashi ngumu bila sabuni, jaza mapya. Hata bila mbu ungepaswa kumwaga, kwa sababu jua linafyonza maji na kuacha chumvi, ukiongezea tu kila siku baada ya mwezi una maji ya chumvi kuliko yaliyotoka bombani, na ule ukoko unarudi kwenye kipangaboi.

Pampu iweke juu ya jiwe isikalie matope ya chini, ivalishe sponji, na maji yasipungue sentimita kumi juu yake, ikizunguka kavu inaungua. Sinia liwe mita mbili tatu kutoka kwenye michongoma, karibu ya kutosha ndege akimbilie, mbali ya kutosha paka asiruke kutoka kichakani. Usikate tamaa siku za kwanza wakikaa uani wanachungulia, huwa anaanza shomoro mmoja.

Kabla hujanunua chochote nitumie picha ya stika ya pampu utakayoonyeshwa dukani, upande wenye volti na wati, nikuangalizie kama paneli ya 10 inaibeba.